Bure Mpaka Alhamisi

Mimi ni mpiga picha wa harusi za wanawake, na kwa miaka kumi na mbili hakuna mwanamme aliyeiona kazi yangu. Nasema hivyo kwa kujivuna, na haki ninayo. Kupiga picha siku hizi kila mtu anajua. Mimi watu wananitafuta kwa sababu najua kutozionyesha.

Asiyezijua harusi zetu nimweleze. Siku ya kusingwa, bi harusi anakaa mkekani na kanga zake mbili, somo wake, mwanamke anayemfunda, anamsugua singo ya maua na manjano mabegani na mgongoni, na wanawake wanaimba mambo ambayo mbele za watu hawayatamki. Siku ya kupambwa, ukumbi mzima ni nywele zilizofumuliwa, mikono wazi, migongo wazi, na mabibi wa miaka sitini wanaocheza kana kwamba hawajawahi kulalamika magoti. Mlangoni anakaa mtu mzima mmoja na kikapu, na kila anayeingia anatia simu yake mle. Awe mke wa nani, awe mtoto wa nani, simu kikapuni. Kifaa kinachopita mlango ule ni kimoja tu, kamera yangu mimi, Salhiya wa Kiponda.

Nyuma ya kamera kuna kompyuta. Ilikaa chumba cha juu nyumbani kwangu, na tangu siku niliyoitoa kwenye boksi haikuwahi kuunganishwa na mtandao. Wenye harusi wakija kwangu, hilo ndilo nililokuwa nikiwaambia mwanzo, kabla ya bei na kabla ya tarehe. Mashine yangu haijui mtandao. Kinachoingia mle kinatoka nakala moja tu, na anakabidhiwa bi harusi mwenyewe mkononi. Mabinti walikuwa wakitulia wakisikia hivyo, na mama zao wakitulia zaidi.

Chumba kile kina funguo mbili. Mmoja wangu, wa pili alikuwa nao Arwa.

Arwa na mimi tulikaa mkeka mmoja chuoni tukisoma juzuu, tukapigwa kwa mkwaju mmoja. Nilipoachwa na mume wangu nikajifungia ndani, ni yeye aliyepanda ngazi na sufuria ya pilau akanambia, "Inuka shoga, tufanye kazi." Tangu siku hiyo mimi napiga, yeye anakata na kuunganisha video. Hata harusi yake mwenyewe, mwaka 2017, niliipiga mimi. Siku ya singo yake alicheka mpaka kanga ikamponyoka, na mimi sikuzima kamera, na yeye hakunikasirikia. Folda yake ilikaa mle ndani pamoja na za mabibi harusi wengine mia na kumi na mmoja.

Mwaka huu nilinunua kamera mpya. Video zake, programu yetu ya zamani ikakataa kuzifungua. Programu mpya nayo ikasema haikai kwenye kompyuta yenye mfumo wa zamani. Arwa kwao ana kompyuta ndogo yenye mtandao, akaja nayo Jumatatu asubuhi akanionyesha tangazo: mfumo mpya unatolewa bure kwa kila mwenye ule wa zamani, mwisho Alhamisi. Baada ya Alhamisi ni kununua, na bei yenyewe nilipoitazama nilidhani wameandika namba ya simu.

"Bure, shoga!" alisema Arwa. "Tukiikosa hii tutajuta."

"Bure yenyewe inapita mtandaoni," nilimwambia. "Na mashine hii haiendi mtandaoni na watoto wa watu tumboni mwake."

Tukapanga. Nilikuwa nimenunua diski kubwa ya kuchomeka nje. Kila kitu kihamie kwenye diski, na kwa ukongwe wa mashine ile, kuhamisha kutachukua siku mbili. Kisha ifutwe. Kisha, ikiwa tupu, iunganishwe kwa simu, ipakue mfumo wake, mtandao uzimwe, ndipo amana zirudi mahali pake. Jumatatu mpaka Alhamisi, siku zinatosha na kubaki. Ila mimi mchana ule ule nilikuwa nakwenda Bwejuu kwenye harusi ya siku tatu, kwa hiyo kazi yote ilimwangukia Arwa.

Nilimshika mkono. "Anza leo. Hamisha kwanza, hakikisha, ndipo uunganishe. Na mashine isitoke chumbani."

"Salhiya, kwani mie mtoto? Nshakuelewa."

"Sema amana."

Alinicheka, lakini akasema. "Amana, mbele ya Mungu." Nikamwachia diski, nikashuka ngazi na roho yangu baridi kabisa.

Bwejuu bi harusi alikuwa Nadhira, na aliyenipa tabu ni bibi yake, Bi Mwanakheri. Mwanamke huyu amelima mwani miaka thelathini, vidole vyake vimekakamaa kwa chumvi, na hakutaka kamera nyumbani kwake hata kidogo. Jumanne alinikalisha ukumbini na kamera yangu mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hizo picha ukishapiga, zinakaa wapi?"

"Kwenye mashine yangu, bibi. Chumbani, mlango umefungwa."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na mwenzangu. Mwanamke, nimekua naye. Yeye na mimi ni mamoja."

 "Mjukuu wangu anaolewa na watu wanaojiheshimu. Ikionekana picha yake, haaibiki peke yake. Tunaaibika sote, na waliokufa." Nikamwapia. Nilimwambia, bibi, mashine yangu haijui mtandao, na mwanamme hajapata kuiona. Nikamwambia tena kesho yake, Jumatano baada ya sala ya alasiri, mwili wa Nadhira ukiwa wa manjano kwa singo, wanawake wakipiga vigelegele na mimi nimepiga magoti mbele yake nikitafuta mwanga. Bi Mwanakheri akaniuliza mara ya pili, nikaapa mara ya pili. Saa ile ile ndiyo nnayoikumbuka sana sasa.

Alhamisi asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. *Tayari. Mfumo umeingia salama. Kila kitu kimekaa mahali pake.* Na nyuso tatu za kucheka. Niliibusu simu. Niliwaonyesha wanawake wa Bwejuu waliokuwa wakichambua mchele, nikawaambia, tizameni, mwenzi ndio huyu. Mama yake Nadhira alinizawadia doti ya kanga, na njiani kurudi nikajua nitampa nani.

Ijumaa nilimkuta Arwa chumbani, ameshapika kahawa, na sahani ya halua juu ya meza. Mashine ilikuwa na sura mpya, inang'aa, inafunguka kabla sijakaa vizuri kitini. Nilizungusha folda chache, zote zimo. "Vyote nimerejesha," alisema Arwa. "Diski nimeitia kwenye mtoto wa meza, ikae kama akiba." Sikuuvuta mtoto wa meza. Kwa nini niuvute? Nikampa zile kanga, akazijaribu hapo hapo mbele ya kioo, akazunguka, tukacheka.

Jumamosi ndiyo nilichomeka kadi ya kamera yenye picha za Nadhira. Arwa yuko ubavuni kwangu, simu yake mezani. Picha zikaanza kuingia, na pembeni ya kila moja kikatokea kialama kidogo ambacho sikuwahi kukiona kwenye mashine yangu, kinazunguka, kinazunguka. Kisha kwenye pembe ya kioo cha kompyuta kikafunguka kijisanduku cheupe, kwa Kiingereza chake cha adabu. Mimi Kiingereza changu si kikubwa, lakini hicho kilinitosha. *Haitham, nafasi yako imejaa. Picha 2,306 zimeshahifadhiwa mtandaoni. Zilizobaki zinasubiri.*

Nilisoma mara mbili. Haitham ninayemjua mimi ni mmoja, mdogo wake mume wa Arwa. Anafanya kazi kwenye duka la kutengeneza kompyuta Darajani. Kijana mwenye adabu, akinipita njiani anainamisha macho.

"Arwa," nilisema, "kwa nini mashine yangu inaniita Haitham?"

Alikitua kikombe taratibu. "Jina tu hilo. Mfumo mpya unataka akaunti, basi ikatiwa yake."

"Ikatiwa na nani? Haitham alikuwa wapi hata akatia akaunti yake?"

Akaivuta simu yake karibu.  "Nliona siku zinakwisha. Nkajaribu kwa simu yangu, bando halikufika hata robo. Nkaipeleka dukani kwao Jumatano, wana mtandao wa nguvu."

"Ikiwa tupu?"

"Tupu. Si nshahamisha kwanza?"

Alisema bila kupepesa macho. Nikatazama chini ya kioo, penye alama ya mtandao, na pale pameandikwa jina la simu ya Arwa. Yaani kila akija kwangu na simu yake, mashine yangu inapanda mtandaoni yenyewe, na mimi nimekaa hapo hapo nakunywa kahawa. Nikachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Utaiharibu!" alisema.

Nilitaka kumpiga na kile kikombe. Badala yake nikamuuliza, kama mashine ilikuwa tupu, picha elfu mbili na mia tatu zimepanda kutoka wapi? Akasema pengine ni hapa, baada ya kurejesha, kwa simu yake, bahati mbaya tu, teknolojia hizi nani anazijua. Maelezo yalikuwa mazuri, na mimi nilitamani kuyaamini kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Nikavaa buibui langu, nikamwambia anisubiri, nikashuka.

Haitham alikuwa peke yake nyuma ya kaunta, anafungua kompyuta ya mtu kwa bisibisi ndogo.

"Shikamoo, dada Salhiya."

"Marahaba. Toa simu yako unionyeshe picha."

Hakuuliza picha zipi. Hilo peke yake lilinikata maini. Aliitoa simu, akaigusa mara mbili, na hao hapo, mabibi harusi wangu, wamejipanga safu kwa safu kwenye simu ya mwanamme. Kulthum wa mtaa wa Malindi na mgongo wake wote. Binti wa Kidichi ambaye mama yake aliniapisha kwa msahafu. Somo wa watu, mtu mzima, na kifua wazi akicheka.

"Wallahi dada, mie sina kosa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Kompyuta imekuja imejaa. Nkamuuliza shemeji, kuna vitu vya watu humu? Akanambia alichotaka kukitoa keshakitoa, unganisha tu, ofa inakwisha kesho. Nkatia akaunti ya hapa. Sikujua kama itapandisha picha."

"Umezitazama?"

"Sijazitazama. Nlipoona harusi nkafunga."

"Ulimwona nani hata ukajua ni harusi?"

Akainamisha macho, yale yale macho yake ya adabu. Nikamsimamia mpaka akafuta moja moja hadi ya mwisho, kisha nikamwambia afute na pale zinapokwenda zilizofutwa. Alifanya yote bila kubisha. Alipomaliza nikamuuliza maana ya lile neno, akaunti ya hapa.

"Ya duka," alisema. "Jina langu, lakini tunaitumia watu watatu."

Watu watatu, simu tatu, kuanzia Jumatano mpaka Jumamosi. Nilimwambia awaite wenzake. Mmoja alikuwa kaenda Mbweni kwa mteja, wa pili hakushika simu. Nikatoka pale najua kuwa hata wote wangekuja na kufuta mbele yangu, maji yakimwagika hayazoleki. Nilipita sokoni katikati ya watu, wauza samaki, wauza nguo, na kila mwanamme niliyemwona ameshika simu nilimtazama usoni.

Njia nzima neno la Haitham lilikuwa linanizunguka. Alichotaka kukitoa keshakitoa. Kitu gani hicho?

Arwa alikuwa bado yumo chumbani, kakaa pale pale nilipomwacha. Nilimwambia azime simu yake, akazima. Nikauvuta mtoto wa meza, nikatoa diski, nikarudisha waya ukutani, nikaiwasha mashine. Diski ile inameza harusi mia mbili. Niliifungua.

Ndani yake mlikuwa na folda moja.

*Arwa 2017.* Imehamishwa Jumatatu, saa tisa na dakika kumi mchana. Mimi wakati huo hata Bwejuu sijafika. Nikaangalia na kwenye mashine, ukiacha ya Nadhira, folda mia na kumi na moja. Ya mia na kumi na mbili haimo.

Nilikaa. Nataka niseme ukweli nilivyojisikia, maana watu wamenisema sana baadaye kuwa nina roho ngumu. Kama angenisahau, ningemsamehe. Kama angekuwa mvivu, au mjinga, ningempigia kelele siku tatu na ya nne tungekula pamoja. Lakini huyu hakusahau. Alianza kazi kama nilivyomwagiza, saa ile ile niliyomwagiza, akamtoa mtu mmoja, akafunga mtoto wa meza.

"Ulianza na yako," nilisema.

"Nlikusudia kuendelea." Machozi yalikuwa yameshaanza. "Ikaja ile shughuli ya wakwe, nkashinda kwao siku mbili, nkakumbuka Jumatano mchana. Ofa inakwisha! Ungenambia nini kama ingekwisha? Salhiya, yule ni shemeji yangu. Nakaa naye nyumba moja, nampakulia chakula. Hebu fikiri anione mie vile."

Alipokwisha kusema hivyo aliyasikia mwenyewe maneno yake. Nilimwona anayasikia. Akaweka mkono mdomoni.

"Na hawa?" nilimuuliza. "Hawa hawana mashemeji?"

"Hawatajua," alisema, na sasa alinong'ona. "Tukinyamaza sisi, nani atajua? Haitham hatasema. Ukienda kuwaambia utajimaliza mwenyewe. Hakuna atakayekuita tena, mji mzima."

Na hapo alisema kweli. Nilifikiri miaka kumi na mbili. Nilifikiri Bi Mwanakheri na vidole vyake. Nadhira picha zake hazikupanda, ameokolewa na ghala la watu kujaa, si na mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa naisifia mbele ya wanawake wa Bwejuu.

Nikachomoa diski, nikaiweka kwenye kiganja chake, nikamfunga vidole juu yake kama anavyofungwa mtoto sarafu ya sikukuu.

"Chukua. Amana yako imefika salama. Hakuna mwanamme aliyeiona."

"Salhiya..."

"Ufunguo niachie hapo mezani."

Aliuweka. Alilia ngazi zote mpaka chini, na mimi nilimsikiliza mpaka mlango wa nje ulipofungwa. Kanga za Bwejuu aliondoka nazo.

Nikaizima mashine. Ilizimika upesi sana, mfumo ule ni mzuri kweli kweli. Nikafunga mlango, nikatia funguo zote mbili kwenye pochi, nikavaa buibui langu mara ya pili siku ile. Kwa Kulthum ndiko karibu, unavuka msikiti unatokea Malindi. Nilipanga maneno njia nzima, nikifika kwenye pembe yananitoka, nayapanga upya.

"Hodi!"

Mama yake Kulthum alitoa kichwa dirisha la juu. Uso wake ukafunguka kwa furaha. Ndani nilimsikia Kulthum akihangaika, akiuliza mtandio wake uko wapi.

"Uache huo mtandio," mama yake alimpigia kelele. "Nenda kafungue hivyo hivyo, ni Salhiya."